Uliniuliza Ningeenda Wapi

Chanji, Sumbawanga

Mwanangu Fausta,

Sikuandikii kukujulia hali, maana hali yako naijua. Umekwenda Katandala kusukwa nywele za safari, na umeniambia utachelewa kwa kuwa msusi wako anaongea zaidi ya anavyosuka. Mimi nimekaa barazani, upande ambao upepo haunipati sana. Sanduku lako liko sebuleni, limeshafungwa, na kila nikiingia ndani nalizunguka polepole kana kwamba ni mtu amelala pale.

Sitaandika habari za pasipoti, wala sweta, wala namna ya kulinda begi stendi. Hayo Shangazi yako Leokadia ameshayamaliza, na kesho alfajiri atakuja kuyarudia. Mimi nimebaki na jambo moja. Kuna swali uliniuliza, sikulijibu. Kesho unaondoka, na nikiendelea kunyamaza utakwenda nalo mpaka Uholanzi.

Siku hiyo tulikuwa uani tunapura maharage. Ulikuwa umerudi kutoka Dodoma, mkataba wako na yule mkandarasi umekwisha, na vyuo viwili vilikuwa vimekujibu. Kwanza kile cha Korea, na wiki chache baadaye kile cha Uholanzi. Ulinieleza huku unapiga maharage kwa fimbo, vumbi linakurudia usoni.

"Korea wamenipa kila kitu, Baba. Ada, chumba, tiketi ya ndege, na posho kila mwezi mpaka nimalize masta."

"Na hawa wengine?"

"Wamenisamehe ada tu. Kula na kulala nitajitegemea."

Nikauliza kama masomo yenyewe ni yale yale. Ukasema hapana. Korea ungesoma majengo marefu, chini ya profesa anayetaka vijana wa kumsaidia kwenye utafiti wake wa chuma. Uholanzi ungesoma mito: maji yanavyobeba udongo, unakwenda kutua wapi, na namna ya kujenga madaraja na mabwawa ambayo hayatazikwa na mchanga. Ulipofika kwenye mito sauti yako ilibadilika. Niliisikia. Kisha ukasimamisha fimbo.

"Baba, wewe ungeenda wapi?"

"Wewe ndiye injinia. Utaamua mwenyewe."

"Najua nitaamua mwenyewe. Nimekuuliza wewe ungeenda wapi."

"Mimi fundi sanifu tu, Fausta. Hayo mambo yako makubwa siyawezi."

Ulinitazama kidogo. Nilijifanya naokota maharage yaliyorukia nje ya turubai. Ukasema, "Haya, Baba," ukaendelea kupiga. Wakati ule nilijiona mzazi wa kisasa, nimemwachia binti yangu uhuru wake. Lakini wewe uhuru ulikuwa nao tayari. Ulichokuwa unatafuta ni mtu wa kukaa naye ndani ya uamuzi ule, hata kwa dakika chache, na mtu aliyekuwepo pale uani nilikuwa mimi peke yangu.

Ngoja nikueleze kwa nini nilikwepa.

Dada yako Devota alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilikuwa fundi sanifu wa barabara hapa hapa Sumbawanga. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini na gari la ofisi, kuangalia mitaro, kusimamia vibarua wanaofukia mashimo baada ya masika. Mshahara ulikuwa mdogo na tulikuwa tumepanga vyumba viwili, lakini jioni nilikuwa nyumbani. Akatokea mkandarasi aliyekuwa anajenga barabara kule Ruvuma, anatafuta mafundi sanifu. Mshahara wake ulikuwa mzuri, na juu yake kulikuwa na posho ya kuishi kambini.

Mama yako nilimwambia nikiwa nimeshasaini. Alikuwa anachambua mchele. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kwa muda gani?" Nikamwambia miaka miwili. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, kama vile sikusema kitu.

Barabara ile ilipokwisha ikaja nyingine, na baada yake nyingine. Kila mkataba ulikuwa na sababu yake nzuri. Mmoja ulinunua kiwanja hiki, mwingine matofali, mwingine bati, kisha zikaja ada za Devota, kisha zako. Sikuwahi kuwadanganya, hela zilikwenda pale pale nilipozipangia. Nyumbani nilikuja Krismasi, na kuna miaka hata Krismasi sikuja kwa sababu waliokubali kubaki kambini walilipwa vizuri zaidi.

Huwezi kukumbuka, lakini kuna Krismasi moja nilishuka stendi na mabegi ya zawadi, nimenyoa, nimevaa shati jipya. Ulikuwa umeshakuwa msichana wa kutumwa dukani. Mama yako akakwambia, "Msalimie baba." Ukaja, ukasema shikamoo safi kabisa, ukarudi kusimama nyuma ya kitenge chake. Tulipokuwa tunakula nikakusikia unamnong'oneza: "Mama, huyu mgeni analala hapa hapa?"

Wote walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliporudi kambini niliwasimulia wenzangu, nao wakacheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kisa kama hicho cha kwake. Mwezi uliofuata nikasaini mkataba mwingine.

Usije ukafikiri nazilaani hela zile. Bati zilizo juu ya kichwa changu sasa hivi zimetokana nazo. Wewe ni injinia kwa sababu ya hela hizo. Mtu akiniambia kwamba nilikosea kwenda, nitabishana naye mpaka jioni. Mimi nilikosea namna ya kwenda. Niliondoka bila kumwuliza mtu, na nikiwa kule kila nilipoulizwa habari nilijibu "mzima tu." Mama yako alikuwa akipata zamu ya simu ya jirani, ananipigia. "Unaendeleaje, Baba Devota?" Mzima tu. "Umekula?" Nimekula. Kumbe nina malaria nimelala siku ya tatu, chakula nakitazama tu. Nilidhani namwondolea wasiwasi. Miaka ikapita hivyo, naye akazoea kwamba upande wangu hakuna habari, na kwa hiyo za kwake akaacha kunipa.

Niliporudi moja kwa moja ulikuwa sekondari. Nilidhani nimerudi nyumbani, lakini nyumba hii ilikuwa na taratibu zake ambazo mimi sikuzijua. Mlango ulifungwa mapema, na mara mbili nilifungiwa nje kwa bahati mbaya, si kwa ubaya, watu walisahau tu kwamba kuna mtu hajaingia. Mbolea ilinunuliwa, shamba likakodishwa, mchango wa jumuiya ukatolewa, na mimi nilijua baadaye. Mama yako alinipikia, alinifulia, alinisalimu asubuhi. Hatukugombana. Wakati mwingine nilitamani tugombane.

Kisha Devota akajifungua mapacha kule Mbeya, mama yako akaenda kumsaidia. Jioni aliyokuwa anafunga mizigo yake nilimwambia neno la kipumbavu. Nilimwambia, "Unaniacha peke yangu kwenye nyumba niliyowajengea?" Alikaa kitandani, akanitazama bila hasira.

"Hela zilikuwa zinafika, Baba Devota," alisema. "Wewe ndiye hukuwa unafika."

Mapacha sasa wanakwenda chekechea na yeye bado yuko kule. Jumapili baada ya misa tunapigiana simu, tunaambiana mvua imenyesha au haijanyesha, na nani amefariki. Wewe unajua hayo yote, isipokuwa lile alilosema siku ile. Sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa unaelewa nilichokiogopa pale kwenye maharage. Uliniuliza ningeenda wapi, na mimi nilikuwa nimeshakwenda. Kukujibu kungekuwa kukusimulia haya, na mdomo ulikataa.

Lakini kosa la pale uani ni dogo. La pili ndilo linalonisumbua, nalo ulilishuhudia kwa macho yako.

Baba yako Mkubwa Desideri alipopata habari kule Chala, alifunga duka lake la mahindi akaja, na Shangazi Leokadia akaja, tukakaa sebuleni. Baridi ya Juni ilikuwa kali, kila mtu na koti lake. Ulileta chai. Baba Mkubwa hakusubiri hata ukae.

"Fausta, nieleze vizuri mimi mtu wa shamba. Mmoja amekupa sahani imejaa, mwingine amekupa sahani tupu na kijiko. Wewe unataka ya kijiko?"

"Siyo hivyo, Baba Mkubwa. Korea nitasoma majengo marefu. Mimi nataka maji."

"Maji! Maji hapa yanatoka mlimani bure. Sisi tunataka hela."

Shangazi alicheka. Wewe hukucheka. Ukawaeleza kwamba una akiba yako ya Dodoma, itakufikisha mpaka katikati ya baridi ya kule, na baada ya hapo utafanya kazi za kulipwa kwa saa kwenye maabara ya chuo. Baba Mkubwa akauliza, na wasipokupa hizo kazi? Ukasema utatafuta nyingine. Akauliza, na ukikosa? Hapo ndipo uliposema lile neno.

"Muulizeni Baba. Yeye ndiye aliyenionyesha."

Wote wakanigeukia.

Nilijua mara moja unasema nini. Ilikuwa masika ya kwanza tangu nirudi. Tulikuwa tunakwenda kwa bibi yako, kule karibu na ukingo wa kuteremkia Bonde la Rukwa, mimi na wewe kwa pikipiki, na tulikuta kalavati limezolewa. Bomba zile kubwa za zege zilikuwa zimelala mtoni kama vikombe vilivyoangushwa, na barabara imekatika. Tulikaa kwenye nyasi kungoja maji yapungue. Maji yalikuwa mekundu kabisa. Uliniuliza, "Baba, huu udongo unakwenda wapi?" Nikasema unashuka bondeni, unaingia ziwani. Ukauliza, "Mashamba ya watu yote hayo?" Nikasema ndiyo. "Na nani anaufuatilia?" Nikasema hakuna. Sisi tunajenga kalavati, linazolewa, tunajenga tena.

Hukuridhika. Ulivua viatu, ukaniburuta mpaka kwenye ukingo nikuonyeshe maji yalivyochimba chini ya zege, na nikakuonyesha, nikachora kwa kijiti kwenye matope. Tulikaa pale mpaka mchana. Tulikula mihogo ya kuchemsha tuliyokuwa tumembebea bibi. Kwa miaka yote niliyoishi na wewe, sidhani kama tuliwahi kuongea muda mrefu hivyo, na mimi nilidhani ulishasahau. Kumbe ulikuwa umeibeba siku ile kidato kwa kidato, ukaingia nayo chuo kikuu, ukaenda nayo Dodoma, na sasa ulikuwa umeiweka mezani mbele ya ndugu zangu, unangoja niseme "ni kweli."

Baba Mkubwa akauliza, "Ulimwonyesha nini?"

Nikatazama kikombe changu. Nikasema, "Ah, ni zamani hiyo."

Fausta, nilikuona. Hukulia, hukukasirika. Ulikunja mikono tu ndani ya sweta lako kama mtu aliyesikia baridi ghafla. Kisha ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeshawajibu watu wa Korea. Nimewashukuru, nimekataa. Nakwenda Uholanzi."

Baba Mkubwa aliondoka chai haijaisha. Mlangoni aliniambia, na najua ulisikia, "Wewe ndiye baba, na umekaa kama mgeni." Hajui neno hilo lilinigonga wapi.

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu nilikuwa upande wa Baba Mkubwa. Nakwambia ukweli. Tangu siku ya maharage nilitaka uende Korea. Nilikuwa nimeshajipangia moyoni kwamba mwanangu atakuwa na chumba chenye joto na chakula cha uhakika, na mimi nitakaa hapa bila kuamka na kuwaza amekula nini. Na kuna kingine kibaya zaidi. Niliwaza kwamba posho ile ingebaki kidogo, ungenitumia, na kila mwezi simu yangu ingelia. Sikuzitaka hizo hela kwa matumizi yoyote. Nilitaka simu ilie. Nimeishi na ujumbe wa hela maisha yangu yote, na sijui njia nyingine ambayo mtu wa mbali anaweza kutumia kuonyesha kwamba amekukumbuka.

Baada ya kikao kile tuliishi humu ndani kama wapangaji wawili wenye heshima. Uliamka, ulifagia, uliniwekea maji ya moto. Mimi nilikwenda kwenye ulezi, hata ulipokuwa umeshavunwa nilikwenda, nikasimama kwenye mabua. Njiani kurudi nilipanga maneno. Nilisema nikifika getini nitamwita, nitamwambia. Nikifika nakukuta unaosha vyombo na redio inaongea, nauliza, "Hakuna aliyenitafuta?" Unajibu, "Hakuna, Baba." Tunakula. Siku moja ulisema, "Ugali umepoa, nikupashie?" Nikasema uache tu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima, na wewe ulikuwa na wiki chache tu za kukaa hapa. Niliziacha zikapita namna hiyo. Siwezi kuzirudisha, na hilo litanikaa.

Basi nakujibu sasa.

Ningeenda Korea. Ningesaini siku ile ile barua ilipofika, na nisingemwuliza mtu. Ningejenga majengo marefu ya watu miaka yote na kila mwaka ningejiambia mwakani nitarudi kwenye mito. Hilo ndilo jibu la swali lako, na kwa kuwa ndilo jibu langu, nafikiri ulifanya vizuri kutolifuata.

Siwezi kukuambia kwamba umechagua vizuri. Sijui. Huenda akiba ikaisha kabla ya kazi ya maabara kupatikana, huenda ukakaa chumba cha baridi unakula mkate na chai, ukawakumbuka watu wa Korea na ukanichukia kwa kukuonyesha kalavati. Ikitokea hivyo, ruksa. Hata kurudi ni ruksa. Ukiona mambo yamekushinda, panda ndege urudi, na mtu yeyote wa ukoo huu akikucheka atakutana na mimi, hata akiwa kaka yangu. Kwake nilikwenda juzi. Uliniona nimetoka na pikipiki asubuhi, nikakwambia naenda kwenye mnada. Nilikwenda Chala. Nilimkuta anapima mahindi, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ni kweli, mimi ndiye niliyemwonyesha Fausta, nilimchorea kwa kijiti, na anachokwenda kusoma ni kitu ambacho mimi na wenzangu tulipaswa kukijua miaka ile yote tuliyokuwa tunajenga na kujenga tena. Aliendelea kupima. Lakini nilipowasha pikipiki alinifuata na mfuko wa maharage. "Mpe," akasema. "Kule sijui wanakula nini." Maharage yenyewe hutaruhusiwa kuingia nayo kwenye ndege, nimeyaweka jikoni. Ujue tu kwamba alitoa.

Kitu kimoja nakuomba, na hiki nakuomba, sikuamuru. Usinitumie hela. Nisikilize vizuri: hata ukipata kazi nzuri, mwaka huu wa kwanza usinitumie. Nina ulezi, nina mahindi, nina kiinua mgongo changu. Na nikikupigia nikauliza unaendeleaje, usiniambie "niko poa, Baba." Nyinyi vijana mna hiyo "poa" yenu na mimi nilikuwa na "mzima tu" yangu, ni kitu kimoja. Niambie chumba kina baridi. Niambie umekaa darasani hujaelewa kitu na umeona aibu kuuliza. Niambie umekwenda kanisani hukumjua mtu, ukarudi. Niambie hata kama sina la kufanya, maana sitakuwa nalo. Mimi nitakaa nayo hapa, na tutakuwa wawili tunaoyajua.

Na mimi nitakwambia ya kwangu. Naanza leo. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Ulipokuwa Dodoma nilikuwa nawasha redio chumbani kwako na kuifungulia sauti ili nikiwa jikoni nisikie kuna watu. Napika ugali wa watu watatu kwa sababu sijui kupima wa mtu mmoja, kinachobaki nawapa mbwa wa jirani, sasa wamehamia hapa. Kuna siku nimetoka kwenda dukani kununua kiberiti ninacho, ili tu yule kijana wa dukani aniulize, "Mzee, leo habari?" Nimekwambia. Sikufa.

Sasa hili la mwisho. Barua hii sikupi leo, maana utaisoma usiku na kesho tutashindwa kutazamana. Nitakupa ndani ya basi, Mbeya, nitakapokuwa nashuka. Nilikwambia nakusindikiza mpaka pale kwa sababu nataka kupimwa macho kwenye hospitali kubwa. Macho yangu hayana shida yoyote, Fausta. Barua hii yote nimeiandika bila miwani.

Nakwenda kwa mama yako. Hajui kwamba naja. Devota pia hajui. Nitabeba mashati mawili na yale maharage ya Baba Mkubwa, ili nisiingie mikono mitupu, na nitamwachia Shangazi Leokadia ufunguo wa hapa. Hela sibebi za kumpa. Nitabisha hodi, na akiniuliza habari za Sumbawanga sitamwambia mvua wala vumbi. Nitamwambia kwamba alisema kweli jioni ile alipokuwa anafunga mizigo, na kwamba imenichukua muda mrefu kufika, lakini ndiyo nimefika. Baada ya hapo sijui. Anaweza kunipa chai na kuniambia basi la kurudi ni saa ngapi. Ana haki. Nikiambiwa hivyo nitakunywa chai, nitawabeba mapacha kidogo, nitarudi.

Nasikia unaongea na majirani huko njiani, umeshasuka, wanakusifia. Naikunja.

Nenda salama, mwanangu. Ukifika Uholanzi, usipige namba yangu kwanza. Piga ya mama yako. Ikipokelewa na mimi, utajua.

Baba yako